Mapigo Manane ya Mwisho

Jumatatu, 2 Juni

Mazoezi saa kumi, ukumbi wa kanisa. Nimefika wa kwanza kama kawaida. Nimelowanisha mwanzi wa klarineti mdomoni, nimepanga viti vitano. Cha Kabula nimekiweka mlangoni, penye vumbi. Makusudi.

Kipande bado kigumu. Mtunzi ni mama mmoja wa Mwanza. Amekiandika kwa ala tano za kupuliza: filimbi, oboi, klarineti, honi na basuni. Hakina kibwagizo, hakina hata pa kuimbia. Sauti zinafukuzana kama ndama waliofunguliwa asubuhi. Jumamosi ya tarehe 14 anakuja mwenyewe Bariadi kutusikiliza, na kanisa zima litakuwepo.

Wenzangu wanasoma solfa, do re mi, kama kwaya zote za huku. Nota za mistari hawazijui. Mimi nazijua kwa kuhesabu mistari kwa kidole. Wiki tatu nimekaa na kitabu kikubwa cha mtunzi, chenye sehemu zote tano, nikiwaandikia solfa. Kabula hakutaka ya kwangu. Alichukua karatasi yake ya filimbi vilevile ilivyochapwa, akaipiga mara mbili, ikakubali. Mara mbili! Mtoto niliyemfundisha kushika filimbi darasa la tano pale Dutwa. Kaenda chuo Dar miaka miwili, sasa solfa ya mwalimu wake haimtoshi.

Nina wivu. Acha niandike tu, hakuna anayesoma hapa.

Jumatano, 4 Juni

Masanja, mpiga basuni na kiongozi wetu, kasema mbele ya wote kwamba Kabula ana pumzi ya aina yake. Miaka kumi na tisa niko na Masanja kwenye bendi hii. Pumzi yangu sijawahi kuisikia ikitajwa.

Nimeunguza mboga.

Ijumaa, 6 Juni

Leo tumefika ukurasa wa mwisho kwa mara ya kwanza. Mapigo manane ya mwisho kila mtu anashika sauti moja, basi. Sisi wanne tumetua vizuri kabisa, kama mwisho wa wimbo wa ibada. Filimbi ya Kabula ikakwaruza juu yetu. Tukarudia. Ikakwaruza. Mara ya tano Dotto wa honi akacheka, na pacha wake Kulwa akaiweka oboi mapajani, akaziba sikio. Masanja akamwambia Kabula asome vizuri. Akajibu kwamba anasoma kilichoandikwa. Akanigeukia, akaomba tufungue kitabu kikubwa.

Nikasema nimekiacha nyumbani. Kilikuwa kwenye mkoba, miguuni pangu. Sijui kwa nini nimesema vile.

Najua.

Nimefurahi, tena sana. Nimekula sahani mbili.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada nimefungua kitabu. Nilitaka kuliona kosa lake kwa macho yangu.

Kosa ni langu. Mtunzi anataka filimbi, oboi, honi na basuni wakubaliane pale mwisho, na klarineti ishike do inayowakwaruza. Klarineti, yaani mimi. Nilipokuwa nanakili niliona wale wengine hawaendi na do, nikadhani mashine ya kuchapa imekosea. Wimbo huishia nyumbani, kwenye do. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo ninavyofundisha. Nikawasogeza watatu, oboi, honi na basuni, wanifuate, nikajiona nimewasaidia. Filimbi sikuigusa kwa kuwa Kabula alishaondoka na karatasi yake, na mimi nilikuwa nimenuna.

Chini ya do pana maneno mawili, maandishi madogo: peke yake. Niliyaruka.

Nitasema kesho.

Jumatatu, 9 Juni

Sijasema. Kabula kapiga, kakwaruza, kapewa maneno. Karudi ukurasa wa kwanza, kaanza tena. Laiti angejibu kwa kiburi, ningepata pa kusimama.

Jumatano, 11 Juni

Masanja ameamua. Kabula atapiga hadi ukurasa wa mwisho, kisha aishushe filimbi, tumalizie wanne. Mbele ya mama wa Mwanza, na mbele ya wazazi wake watakaotoka Dutwa. "Sawa, baba," amemjibu Masanja kwa heshima. Kaifuta filimbi taratibu, kaifunga kwenye kitambaa, kapanda baiskeli yake.

Nimepata nilichokuwa nakitaka. Hakimezeki, kama michembe, vile viazi vikavu, bila chai. Bado ningeweza kumkimbilia Masanja pale nje. Nilikaa nikipanga viti.

Alhamisi, 12 Juni

Kabula kaja nyumbani jioni, nikichambua pamba uani. "Mwadila, mayu," kaniamkia kwa Kisukuma, akiniita mama, kapiga goti kidogo, kama alipokuwa mdogo. Mkononi daftari. Tangu Jumatatu amekuwa akiiandika upya sehemu yake yote kwa solfa, kwa mtindo wangu, hata kile kistari kidogo ninachokipiga chini ya kila do.

"Mwalimu, labda nota za chuo zimenipoteza. Nimeandika kama ulivyonifundisha. Nionyeshe nilipokosea."

Nimepitia kurasa zote sita amesimama pale. Hakuna kosa hata moja. Ila sauti ya mwisho alikuwa ameikata kwa kalamu, akaandika do. Do yangu. Ameharibu palipo sahihi ili afanane na mimi.

Nimemwambia aliache daftari, nitaliangalia. Akashukuru. Kashukuru! Masikio yangu bado ya moto. Mtu mzima ovyo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimesema. Kabla hawajakaa, maana nilijua wakikaa sitaweza. Nimefungua kitabu kikubwa mezani, nimewaonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha nimesema kwamba Ijumaa iliyopita kitabu hiki kilikuwa mkobani. Kosa la kunakili lilitoka kirahisi. Hili la mkoba lilinitoa jasho.

Masanja kavua miwani, kaivaa tena. "Miaka yote hii, mwalimu." Mapacha waliangalia sakafu. Kabula kavuta kiti kutoka mlangoni, kaketi karibu nami, tukafuta na kuandika upya solfa ya wale watatu, karatasi kwa karatasi. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Tumepiga mara mbili. Sasa anayekwaruza ni mimi.

Jumamosi, 14 Juni

Tumepiga. Watu walijaa hadi madirishani. Kabula alikuwa mzuri kuliko siku zote, na niliumia kila alipokuwa mzuri. Nilidhani ukishakiri wivu unaondoka. Hauondoki.

Mapigo manane ya mwisho, wanne wakatua pamoja, laini. Mimi nikashika do yangu. Ilikwaruza ukumbi mzima. Nilisikia kwaya ya watoto, watoto ninaowafundisha mwenyewe, wakicheka viganjani. Nilitamani kuishusha kidogo, niwafuate wenzangu. Sikuishusha. Nimeishika mpaka pigo la nane. Mama wa Mwanza alikuwa amefumba macho, akiitikia kwa kichwa.

Nje, mama yake Kabula akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, mwalimu. Pale mwisho ulipotea kidogo, lakini tumefurahi."

Kabula alikuwa pembeni yake. Akafungua mdomo amweleze. Nikamkonyeza asiseme.

"Asante, mayu," nikajibu.

Nimerudi kwa miguu. Nimekausha klarineti, nimeiweka juu ya kabati. Daftari la Kabula liko hapa mezani. Ile do yake ya mwisho nimeikata, nimemrudishia sauti yake.