Tumemwosha Mwalimu

Jumamosi. Mvua imenyesha Bunia tangu alfajiri, na moyo wangu umelowa pia. Jana tulimzika Mwalimu Zaituni.

Kwa miaka mingi alitufundisha Kurani nyuma ya jiko lake, chini ya mabati yanayovuja: wauza samaki, washonaji, mabinti walioacha shule. Alipenda kutukumbusha kwamba wake wa Mtume walifundisha hata wanaume. Yeye mwenyewe alisomeshwa na nyanya yake, na nyanya alisomeshwa na shangazi yake. Elimu yetu imepita kwa wanawake pekee hadi kutufikia sisi.

Ndiye pia aliyetufundisha kuosha maiti. Tulifanya mazoezi kwa mto wa kulalia uliofungwa kitenge.

"Mukono ya kuume kwanza," alikuwa akisema. "Siku yangu, mukiniosha vibaya, nitaamuka niwakosowe!"

Tulicheka sana siku ile.

Jana mimi ndiye niliyeshika maji. Mkono wangu ukaenda kushoto.

Sote tukamtazama usoni. Wallahi, tulikuwa tunamsubiri. Alilala vilevile, macho yamefumbwa, mpaka Mama Rehema, mkubwa wetu darasani, aliponishika kiganja na kukihamishia kulia. Tukaendelea kuosha huku tunalia.

Kabla jeneza halijatoka uani, familia ilisoma wasifu wake. Mke mwema. Mama wa watoto. Mpishi hodari wa maulidi. Kuhusu darasa, hata neno moja! Niliuma kitenge changu ili nisipige kelele mbele ya watu, na mpaka sasa ninavyoandika hasira haijaniisha.

Leo wanawake walikuja kama kila Jumamosi, mikeka kwapani. Mkeka wa Mwalimu tuliutandika mahali pake. Shemeji yake, ambaye sasa ndiye mwenye ua, alisimama mlangoni akitutazama.

"Kama mwalimu hayuko, hapa nitaweka wapangaji," alisema. "Nawapa mpaka Jumamosi ingine mupate mwengine."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mama Rehema akanigeukia. "Weye njo alikuwa anakuachiaka darasa kama anagonjwa. Anza basi." Ni kweli, Mwalimu akiugua mimi ndiye niliyekuwa nikishika darasa.

Nikakaa pembeni ya mkeka, si juu yake. Nikasema bismillahi. Sauti ikakatika hapohapo, nikalia, na wenzangu wakalia nami. Tulikunja mikeka bila kusoma hata aya moja.

Sasa niko nyumbani na mvua haijakatika. Nimejaribu kusoma peke yangu jikoni na nimeweza, ingawa kwa sauti ndogo. Nikikataa, ua utapangishwa, na ile elimu ya nyanya na shangazi itaishia mikononi mwangu.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo nitakaa juu ya ule mkeka. Naogopa sana.

Nikikosea, Mwalimu, nani ataamka?