Goti Lisiloruka

Jumanne, Mfungo Pili.

Nina miaka sabini na zaidi, mingi ya ujanani nikibeba mizigo ya misafara ya bara. Njaa ya nzige nimeivuka, vita vya Maji Maji nimevivuka, na leo daktari Mdachi amenichosha kwa kinyundo.

Kanigonga magoti, hayakuruka alivyotaka. Kanimulika macho, mboni moja ikabaki kubwa. Akasema hiyo ni kaswende ya zamani iliyokwisha kuingia kwenye mishipa ya fahamu, na mke wangu Mwanaidi amesimama hapo hapo.

Njiani akaniuliza, "Uliiokota msafara gani, mzee?"

"Wanawake walinifuata kila kambi, nikawakataa."

"Wote?"

Wote, kweli. Lakini nyumba na shamba ni vya ukoo wake. Akinikataa, mimi ndiye wa kutoka, na kwa umri huu...

Shahidi wangu ni Mwanaidi mwenyewe: miaka arobaini kitanda kimoja, hajapata hata kidonda. Usiku huu amenitandikia mkeka barazani.