Nenosiri la nafasi tupu

Shoga, mama anajua.

Ile sauti niliyojirekodi nikifanya mazoezi ya kumwambia nina mimba, niliifungia kwenye programu wanayoijaribu hapa ofisini ninapofagia. Herufi hunipiga chenga, kwa hiyo nenosiri langu lilikuwa nafasi tupu. Nilibonyeza kile kitufe kirefu tu.

Kumbe programu inafuta nafasi kabla ya kutengeneza ufunguo wa kufungia, kwa hiyo nenosiri langu likabaki si kitu. Leo fundi wa hiyo programu kajaribu kufungua sauti yangu bila kuandika kitu. "Jamani, imekubali patupu," akasema, akaicheza.

"Mama, nina mimba." Sauti yangu, shoga. Ofisi nzima.

Fundi akaniambia, "Pole, mdogo wangu. Hilo ndilo kosa tulilokuwa tunalitafuta."

Nikarudi kuosha vikombe. Mjomba, dereva wao, alikuwa mlangoni. Hakuniangalia. Akatoa simu.

"Dada, keti kwanza."