Oili Chafu Kwenye Shimo la Tisa

Igunga,
Jumapili.

Dada yangu Khole,

Shikamoo. Na asalaam aleikum pia uipokee, hata kama inatoka kwa Mkatoliki. Mama yako hakuniruhusu kuvuka kizingiti chenu bila kuisema, na mtu akifundishwa adabu na Bibi Aya haimtoki hata akizeeka. Natumaini barua hii inakukuta salama, na lile goti limekuhurumia kidogo. Fauzi mwanao bado yuko na duka la vipuri? Na wajukuu wanasoma, au wanacheza na simu kama hawa wangu? Huku sisi ni wazima wa kutembea. Mvua zimekata, vumbi limeanza, na Igunga ni ile ile: malori, mchele, na ng'ombe wanaovuka barabara kwa kujiamini kuliko watu.

Utashangaa kuandikiwa barua zama hizi. Nimekupigia simu, hupokei. Sikulaumu, namba yangu unaihesabu ni ya upande wa Majid. Lakini hata ungepokea nisingeweza kusema ninayotaka kusema, kwa sababu huyo ndugu yako hushinda kando yangu na masikio yake bado hayana kasoro. Ndiyo maana nimemkabidhi Masolwa, dereva wa lori la mchele, akuletee mkononi. Bahasha ikinuka dagaa, ni yake, si yangu. Nina ombi, dada. Ni ombi la mlango wako, na nakusihi usinijibu moyoni kabla hujafika mwisho wa karatasi.

Kazi yetu watu wengi hawaielewi, hata mke wangu Josepha, ambaye huwaambia majirani zetu wa Cheyo, hapo Tabora, kwamba mumewe analima majani yasiyolika. Mtu akijenga nyumba hulala ndani yake. Akichimba kisima hunywa maji yake. Sisi tunajenga uwanja wa gofu, tunalala kwenye makontena, na majani yakishashika tunaambiwa tuondoke ili waingie wenye viatu vyao. Kwingine tajiri huishiwa kabla ya majani kushika, tukaacha mashimo ambayo leo ni makao ya vyura. Majid alichora, mimi nikasukuma udongo kwa katapila. Babu zako walitembea mbele ya msafara na mwavuli, babu zangu wakafuata na pembe mabegani, kutoka Tabora hadi pwani na kurudi. Nilikuwa namwambia Majid kwamba hatujabadilisha kitu, isipokuwa wale walikuwa wanarudi.

Tumekaa Jinja, tumekaa vilima vya Rwanda, tumekaa pwani ya Kenya. Oman pia tulifika, na yeye alikwenda kule kama mtu anayekwenda kwao. Wenyeji wakamwita Mswahili. Alicheka wiki nzima, kicheko ambacho usingetaka kukaa nacho chumba kimoja. Na kila kazi alisema hii ndiyo ya mwisho, baada ya hapa ni Tabora. Begi lake hakuwahi kulipakua hadi chini.

Sasa niguse pale panapouma, maana nisipopagusa hutaniamini mengine. Mama alipofariki tulikuwa Rwanda. Habari ilifika asubuhi, na wewe wajua kwenu maiti halazwi. Alasiri alikuwa ameshazikwa. Majid alisema, wameshamaliza, nikienda nitamkuta nani? Akarudi kwenye michoro yake. Alipofika Tabora arobaini ilikuwa imepita, na wewe ukamwambia akiwa bado ameshika begi: "Mama alizikwa na majirani. Nawe nenda kwa majirani zako." Ulisema pia kwamba hakumlilia mama hata chozi moja. Mtaa mzima ulisikia, nami nilikuwa nyuma yake.

Kwa hilo la kutokuja, dada, sina utetezi. Angeweza kuja hata kuligusa kaburi. Nitakueleza tu nilichokiona. Siku ile ya habari nilikuwa nimemaliza kilima kidogo pembeni mwa grini, yaani kile kiwanja cha majani laini chenye shimo la mpira. Kilikuwa kirefu, chembamba, na nilijivunia. Jioni akaja akaniamuru nikibomoe. Nikabisha, nikamwambia mchoro ni wake. Akasema nibomoe. Nilipopanda juu ya katapila na kukitazama kutoka kule ndipo nikaelewa kilifanana na nini. Nikakisawazisha. Yeye alisimama pale hadi udongo ukawa tambarare.

Basi, tukaja hapa Igunga. Tajiri mmoja alitaka hoteli ya kando ya barabara na uwanja wa mashimo tisa, sijui wa kuchezewa na nani. Tulifurahi kwa sababu moja tu, kwamba nyumbani si mbali. Kiangazi kilipokaza, majani yetu yakawa ndiyo kijani pekee kinachoonekana, na ng'ombe wakawa wateja wetu wa kwanza. Mzee mmoja wa Kisukuma, mwenye kundi kubwa, alisimama kwenye uzio akatuuliza kwa upole kwamba, nyie wazee, mnapanda majani, mnayanywesha maji, halafu mnawafukuza ng'ombe, kwani mtayala wenyewe? Majid alicheka vizuri siku hiyo. Ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka kikiwa na akili yake yote ndani.

Maana baadaye alianza kuniuliza asubuhi tuko nchi gani. Nami nilimjibu bila kushtuka. Watu wa kazi nyingine wangeshtuka. Sisi tumeamka mahali pengi mno, na udongo asubuhi unafanana popote, hata mimi huwa najiuliza kabla sijavaa viatu. Akasahau majina ya vibarua, nikasema uchovu. Akapiga vigingi vyake pale pale alipovipiga jana, nikasema jua. Ugonjwa ulikaa nasi mezani, dada, ukala ukashiba, na mimi nikidhani ndiyo kazi yetu ilivyo.

Kisha siku moja nilikwenda Nzega kutafuta kifaa cha katapila. Niliporudi nikakuta grini ya shimo la tisa, ile tuliyoilea kwa maji ya boza miezi yote ya jua, ni nyeusi. Ezekia, nyapara wetu, alikuwa amesimama kando na kofia mkononi kama mtu wa msibani. Nikamuuliza kuna nini. Akasema mzee ameagiza mchanga uchanganywe na oili chafu ya mashine umwagwe juu ya majani, nao wakafanya, maana mzee ndiye mzee, angebishiwa na nani?

Wewe unaukumbuka ule uwanja wa gofu wa watu wa reli pale Tabora, tulipokuwa watoto tukiwabebea mabegi. Majani hayakuota kwa ukame, kwa hiyo pale penye shimo paliwekwa mchanga uliolainishwa kwa oili chafu ya karakana, na kazi yangu na ya Majid ilikuwa kuburuta gunia juu yake kufuta nyayo kila wachezaji wakipita. Mama yako alikuwa akitupigia kelele kwa ajili ya kanzu iliyorudi na oili.

Basi nilimkuta katikati ya weusi ule, miguu mitupu, anaburuta gunia. Uso wake ulikuwa mwepesi jinsi ambavyo sijauona tangu utotoni. Akaniambia: "Eustace, shika upande wa pili. Mama amesema tusichelewe."

Nilishika upande wa pili, dada. Ningefanya nini? Tuliburuta hadi nyayo zote zikaisha.

Msimamizi wa tajiri alitufukuza kesho yake, na hakuwa na kosa. Daktari ameniambia ni ugonjwa wa kusahau, hauponi, na kinachotangulia kuondoka ni cha karibu, cha zamani ndicho hubaki. Majid wa michoro ameshaondoka. Aliyebaki ni mtoto wa Bibi Aya, na anataka kwenda kwao.

Hili ndilo ambalo nisingeweza kulisema kwenye simu. Aliponiuliza mara ya kwanza mama yuko wapi, nilimwambia ukweli. Alianguka chini. Alilia kilio cha siku ya kwanza, akauliza nani amemwosha, amezikwa wapi, kwa nini hakuitwa. Asubuhi akaamka mzima akaniuliza mama yuko wapi. Mimi mjinga nikamwambia tena, naye akamlilia tena upya. Tangu hapo namwambia ametoka kidogo. Ulisema hakumlilia mama, Khole. Amemlilia. Mimi ni shahidi, na sitaki kushuhudia tena.

Tutafika Alhamisi kwa basi la mchana kutoka Nzega. Nitamleta kwanza kwako. Ukifunga mlango nitaelewa, na Josepha ameshatandika kitanda Cheyo, lakini kwangu atauliza tumefuata nini nyumba ya watu. Ukifungua, hasira yako yote nimwagie mimi, nitakaa kibarazani niipokee. Yeye akikuuliza mama yuko wapi, nakuomba, sema ametoka kidogo.

Nisalimie Fauzi na watoto wote, na jirani zenu waliomzika mama, Mungu awalipe. Majid naye hapa ameniona naandika, ameniuliza kwa nani, nikamwambia kwa Khole. Anakusalimu sana. Anasema umwambie mama asitusubiri na chakula, tunamalizia shimo la tisa, kisha tunakuja.

Ni mimi mdogo wako,
Eustace