Kikapu Kiko Nyuma ya Mlango

Baba Kudra,

Nimewahi kwenye cherehani, sikutaka kukuamsha. Ugali nimeufunika. Dagaa wapashe moto, usile vya baridi kama mpangaji.

Asubuhi umetoka duarani na vumbi lote la mgodi, ukapitia sokoni. Umeleta nyanya kwenye kifuko cha plastiki, vitunguu kwenye kifuko, na ndimu mbili nazo zina kifuko chao! Nikanuna. Ukasema, "Vifuko tu hivyo, Mama Kudra," ukalala. Cha juzi kilipeperuka hadi kwa jirani Kijakazi, nikakitoa mdomoni mwa mbuzi wake kwa mkono wangu huu.

~~Usiende sokoni tena.~~ Hapana, nenda.

Sijanunia vifuko peke yake. Zamani tulikuwa tunaenda wote, kikapu kikijaa wewe unashika upande huu na mimi ule, Katoro nzima inatucheka. Tangu uanze zamu ya usiku nakibeba mwenyewe, na siku hizi hakifiki hata nusu.

Kiko palepale nyuma ya mlango. Jumapili ukirudi usilale kwanza. Twende tukakijaze.

Mama Kudra