Bafu Linatoka Jasho, Mke wa Mpwa Anafungasha

Mshauri wangu wa gazetini, nakuja kwako unishike mkono lakini usinicheke, maana mimi si mtu wa kuomba ushauri, mimi ndiye ninayeombwa, fika mtaani kwetu uulize Fundi wa Mafundi, hata mbwa watakuleta mpaka mlangoni. Shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu wa hesabu alikuwa ananiuliza mimi majibu.

Sasa dada yangu mkubwa ni mjane, anaishi na mwanawe na mke wa huyo mwanawe, na bafu lao lilikuwa aibu tupu, saruji mbichi na kidirisha cha juu kisicho na kioo, nikamwambia dada kaa pembeni uone kazi. Kwa mikono yangu hii nikapandisha vigae vyeupe mpaka juu, kile kidirisha nikakiziba kwa tofali nikatundika kioo cha kujitazamia, nikapiga dari mpya, na kwenye dari nikaweka feni ya kuvuta mvuke, feni si mchezo, siku ya kuiwasha ilininyakua kofia nikaiona imeng'ang'ania kule juu kama popo. Na paa sikulitoboa hata tundu la sindano, wenzangu hutoboatoboa paa za watu kama wanatengeneza chujio, mimi hapana. Chini ya mlango nikapiga mpira, sisimizi hapiti.

Basi tangu hapo bafu linatoka jasho kama mpagazi. Taulo halikauki, pembeni kumeota ukungu mweusi, mlango umevimba, na chumba cha dada, kilicho ubavuni mwa bafu, rangi ya dari inabambuka inamwangukia kitandani. Kwa akili yangu ya kuzaliwa nikajua kisa palepale: mke wa mpwa. Yule binti anaoga maji ya moto, tena akiwa humo anaimba! Tukiwa tunakula nikamwambia mbele ya wote, "We mkwe, unaoga au unachemsha kuku?" Watu wakacheka, yeye akanyanyuka na sahani yake. Sasa anaoga kwa jirani. Ajabu ni kwamba kuta bado zinalia, lakini mimi nasema huo ni mvuke wake wa zamani haujaisha. Dada naye huoga maji ya moto asubuhi na jioni kwa sababu ya magoti, ila huyo ni mgonjwa, simhesabu.

Jana mpwa kaniambia, "Mjomba, lile bafu la zamani lilikuwa baya, lakini tulikuwa tunapatana. Mwezi ukiisha tunahama." Dada atabaki peke yake na magoti yake, na ananitazama kana kwamba mimi ndiye ukungu. Niambie, nibandike ratiba ya kuoga mlangoni, au nimwite yule binti nimseme vizuri?

Fundi wa Mafundi

JIBU

Fundi, ratiba itie mfukoni. Barua yako nimecheka pale kwenye kofia. Kwa yule binti sikucheka.

Nina swali moja tu. Kidirisha umekiziba, paa hukulitoboa, na feni inavuta mvuke. Inaupeleka wapi?

Inaupeleka juu ya dari, mjomba. Unapoa huko chini ya bati, unageuka maji, unamshukia dada yako kitandani. Na mvuke haujui huyu mgonjwa, huyu mkwe, unawahesabu wote.

Usiniamini kwa maneno, kapime. Funga mabomba yote utazame mita ya maji: ikitulia, hakuna bomba linalovuja nyuma ya vigae vyako. Kisha funga mlango, washa feni, weka karatasi laini kwenye wavu wake. Ikianguka, fungua mlango kidogo, ujaribu tena. Ikinasa sasa, basi ule mpira wako ndio unaoinyima feni hewa ya kuingia. Haiwezi kuvuta kisichokuwepo. Halafu panda darini na tochi uguse mbao: zikiwa zimelowa, mvuke wako umeishia hapo.

Ukishaona, mpira ung'oe. Feni iunganishe na bomba linalotoka mpaka nje kabisa, na ndiyo, utatoboa paa, roho itakuuma, utapona. Tundu lizibwe vizuri pembeni mvua isiingie. Mtu akimaliza kuoga, feni iachwe izunguke mpaka kioo kikauke. Vigae vyako havina kosa, kwa hivyo nakupa hongera.

Lakini kabla ya kushika nyundo, nenda kwa binti. Ulimsema wakati wa kula mbele ya watu. Kamrudishie heshima yake wakati wa kula, mbele ya watu walewale. Usianze na "labda sote". Sema: "Mkwe wangu, feni inapuliza darini, na niliyeiweka ni mimi. Rudi uoge nyumbani." Kisha nyamaza, hilo ndilo gumu kwako. Fanya haraka, mwezi hautakusubiri.

Kazi ikiisha, kioo kinaweza kukudanganya. Wewe kaa sebuleni utege sikio. Siku utakayomsikia anaimba tena humo ndani, ujue bafu limekauka.