Kioo Kilichopakwa Samli

Mwakitolyo, Jumanne, Agosti 1952

Samli! Mtu mzima na ndevu zake amepaka kioo samli.

Shimo letu la dhahabu limepita futi thelathini, na taa ya chemli inatumalizia hewa humo chini. Ndiyo maana tunatumia kioo: mmoja anakaa mdomoni mwa shimo, analinasa jua na kumrushia mwenye sururu. Leo nilimwachia kazi hiyo shemeji yangu Masanja. Kazi ya kukaa!

Asubuhi mwanga ulishuka safi, nikauona hata ufa mpya ukutani, juu ya bega langu. Ghafla ukafifia, nikabaki napapasa. Nikapiga kelele, "Masanja, mwanga uko wapi?"

"Subiri, shemeji, nakipaka mafuta king'ae! Ngozi ikipakwa si inang'aa?"

Nikapanda kwa kamba huku natukana. Kioo kinarudisha jua kwa sababu uso wake ni laini na safi. Ukikipaka mafuta, mwanga unatawanyika ovyo kama kuku waliotupiwa jiwe. Nimemweleza mara tatu. Akaniuliza kama mafuta ya karanga yangefaa zaidi.

Nimekisugua kwa sabuni na majivu mpaka jioni. Mke wangu anasema nimwonee huruma kaka yake. Huruma! Kesho kioo nashika mimi, yeye ashuke na sururu. Nimeshamwambia, naye amefurahi, maskini, anadhani nimempandisha cheo.

Ule ufa sijamwambia.